Nani wa kusema fulani amekufa?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa uhai na mauti. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, masahaba zake na wote wanaomfuata kwa wema.

Ndugu msomaji, baada ya darsa ya Ijumaa moja, tukiwa bado tumekaa kwenye baraza ya msikiti mtaani kwetu Dar es Salaam, kijana mmoja wa chuo aliuliza swali lililowachekesha wengi. Alisema, "Ustadhi, huko Marekani kuna watu wakishakufa hugandishwa kwenye baridi kali, wakitaraji madaktari watawarudishia uhai baada ya miaka mia au mia mbili. Je, mke wa mtu wa namna hiyo akae eda au amsubiri mumewe?" Mzee mmoja akadakia kuwa amsubiri, kama na yeye ana subira ya miaka mia mbili. Watu wakacheka.

Kicheko hakikudumu. Bwana mmoja wa makamo, aliyekuwa kimya muda wote, alinyanyua mkono. "Ustadhi, la kwangu halichekeshi. Baba yangu leo ni siku ya tisa yuko wodi ya wagonjwa mahututi kwa kiharusi. Kifua kinapanda na kushuka kwa mashine. Madaktari wametuambia ubongo wote umekufa. Ami zangu wanasema kuzima mashine ni kuua. Dada zangu wanasema kumwacha vile ni kumzuilia maiti kaburi lake. Na jana mama kaniuliza: mwanangu, mimi ni mke au ni mjane?"

Nakiri kuwa sikuwa na jibu la kumpa pale pale. Nilimwomba siku mbili. Nikarudi kwenye vitabu, nikawauliza walionizidi elimu, nikakaa na daktari mmoja Muislamu anieleze yale nisiyoyajua. Nilichogundua ni kwamba maswali yale mawili, la kijana na la bwana yule, ni swali moja: nani mwenye haki ya kusema fulani amekufa, na amekufa saa ngapi? Mimi si mufti wala si kadhi. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyojifunza, nikiamini yatamfaa Muislamu wa mjini ambaye siku moja, Allah atuepushe, ataitwa na daktari kando ya kitanda na kuulizwa familia imeamua nini.

Kwa nini saa ya kifo ina uzito

Kifo ni siri baina ya mja na Mola wake. Qur'an inatufundisha kuwa roho ni katika mambo ya Allah (S.W.), na kwamba sisi hatukupewa katika elimu ila kidogo. Kwa hiyo hakuna daktari, jaji wala sheikh aliyeiona roho ikitoka. Wote tunahukumu kwa alama.

Pamoja na hivyo, sharia imeifunga saa hiyo na haki za watu. Mtu akifa, mali si yake tena. Hutolewa gharama za mazishi, hulipwa madeni, hutekelezwa wasia usiozidi thuluthi, kisha hugawiwa warithi. Mkewe huanza eda ya miezi minne na siku kumi, na kama ni mjamzito basi mpaka ajifungue. Maiti mwenyewe ana haki zake nne kwa walio hai: kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa.

Hebu tutazame mfano mmoja. Mzee ana watoto wawili wa kiume, Issa na Musa. Issa ana watoto wadogo. Mzee yuko kwenye mashine, na Jumatatu madaktari wanasema ubongo umekufa. Jumanne Issa anagongwa na gari na kufa. Jumatano mashine inazimwa na moyo wa mzee unasimama. Je, nani alitangulia?

Tukisema mzee alikufa Jumatatu, basi Issa alimrithi baba yake, na fungu lake linakwenda kwa mjane wake na watoto wake. Tukisema mzee alikufa Jumatano, basi Issa hakurithi kitu kwa baba. Kinyume chake, mzee ndiye aliyemrithi Issa sudusi, yaani sehemu moja katika sita. Wajukuu wale mayatima hawapati chochote katika mirathi ya babu yao kwa sababu ami yao Musa anawazuia. Nyumba, kiwanja na ada ya shule ya mayatima vyote vinategemea jibu la swali moja: Jumatatu au Jumatano? Sasa waliokuwa wakicheka barazani waseme kama bado wanaona jambo hili ni la kuchekesha.

Alama walizozitaja wanazuoni wetu

Wanazuoni wa zamani hawakulipuuza jambo hili. Katika vitabu vya madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu wa pwani, zimetajwa alama za mauti: miguu kulegea, pua kupinda, panja kubonyea, ngozi ya uso kunyooka, viganja kuachana na mikono. Mtume (S.A.W.) alipoingia kwa Abu Salama (R.A.) alimkuta macho yamekodoa, akayafumba, na akafundisha kuwa macho huifuata roho inapochukuliwa.

Lakini fuqahaa hao hao waliweka sharti muhimu. Ikiwa kuna shaka, kwa mfano aliyekufa ghafla, aliyezama majini au aliyezimia, basi asiharakishwe. Asubiriwe mpaka ipatikane yakini, hata kama yakini hiyo itakuja kwa mwili kuanza kubadilika. Kwa hiyo pana kanuni mbili zinazokwenda pamoja: kuharakisha maiti akishathibiti kuwa ni maiti, na kutoharakisha mpaka athibiti. Anayeshika moja na kuiacha nyingine amepotea njia.

Mashine ilivyovuruga hesabu

Kwa karne nyingi alama zilikuwa zinakuja pamoja. Pumzi ikikatika, moyo husimama, na ubongo hufa baada ya dakika chache. Katika miaka ya 1950 mambo yakabadilika. Mashine za kupumulia zilienea hospitalini, hasa baada ya janga la polio la mwaka 1952 mjini Copenhagen. Mwaka 1959 madaktari wa Ufaransa wakaeleza hali ngeni: mgonjwa ambaye ubongo wake umekwisha kabisa lakini moyo unapiga kwa kuwa mashine inampelekea hewa.

Tarehe 3 Desemba 1967, mjini Cape Town, Dk. Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa mtu mmoja kwenye kifua cha mwingine kwa mara ya kwanza duniani. Hapo swali likawa kali. Kama mwenye moyo alikuwa hai, basi kuutoa ni kumuua. Kama amekufa, mbona moyo wake unafaa? Agosti 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ikapendekeza kuwa kufa kwa ubongo kuhesabiwe kuwa ni kifo. Mwaka 1980 ikatungwa Marekani sheria ya mfano iliyofuatwa na majimbo mengi. Inasema mtu amekufa kwa moja kati ya mawili: mzunguko wa damu na pumzi vimesimama bila uwezekano wa kurudi, au ubongo wote pamoja na shina lake umeacha kazi bila uwezekano wa kurudi.

Msomaji ashike maneno hayo, "bila uwezekano wa kurudi", kwani ndiyo kiini. Mwaka 1999 nchini Norway, daktari mmoja wa kike kutoka Sweden alinaswa chini ya barafu. Joto la mwili wake lilishuka mpaka nyuzi 13.7 na moyo wake ukasimama kwa saa kadhaa. Madaktari walimpasha joto taratibu, akazinduka, na baadaye akarudi kazini. Hakufufuka huyo. Hakuwa amekufa, kwa sababu kulikuwa na kurudi. Moyo kusimama peke yake, hasa kwenye baridi, si hoja ya mwisho.

Na sheria za wanadamu hazikukubaliana mpaka leo. Desemba 2013, California, binti wa miaka 13 alitangazwa kuwa amekufa ubongo baada ya upasuaji, na akaandikiwa cheti cha kifo. Familia yake, kwa imani yao ya Kikristo, ilikataa. Wakamhamishia jimbo la New Jersey, ambako sheria haimlazimishi mtu kukubali kifo cha ubongo ikiwa dini yake inakataa. Kule akahesabiwa kuwa hai, akahudumiwa mpaka Juni 2018, akaandikiwa kifo cha pili. Fikiri: binti mmoja, vyeti viwili, na baina yake zaidi ya miaka minne. Mtu akivuka mpaka wa jimbo, maiti anakuwa hai!

Mabaraza ya fiq'hi yalisema nini

Wanazuoni wetu hawakukaa kimya. Oktoba 1986, Baraza la Fiq'hi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, likikutana Amman, Jordan, lilitoa azimio kwamba mtu anahesabiwa kuwa amekufa, na hukumu zote za kifo zinamhusu, ikipatikana moja ya alama mbili: moyo na pumzi vimesimama kabisa na madaktari wakasema havirudi, au kazi zote za ubongo zimekoma kabisa, mabingwa wakasema hakuna kurudi, na ubongo umeanza kuharibika. Katika hali hiyo inafaa kuondoa mashine hata kama kiungo kingine, kama moyo, bado kinafanya kazi kwa nguvu ya mashine.

Mwaka uliofuata, 1987, Baraza la Fiq'hi la Rabita mjini Makka lilikwenda hatua moja nyuma. Lilisema inafaa kuondoa mashine ikiwa jopo la madaktari mabingwa watatu limethibitisha kuwa ubongo umekoma moja kwa moja. Lakini mtu huyo hahukumiwi kisharia kuwa amekufa mpaka moyo na pumzi visimame kabisa baada ya mashine kuondolewa.

Tazama walipokubaliana na walipohitilafiana. Wote wawili wanasema kuzima mashine katika hali hiyo si kuua. Wametofautiana kuhusu saa: mirathi na eda vianzie pale ubongo ulipokufa, au pale moyo uliposimama?

Rai yangu mimi, na ni rai ya mwanafunzi, ni kuwa tahadhari iko na baraza la Makka. Kaida inayojulikana inasema yakini haiondoshwi kwa shaka. Uhai wa mtu ni yakini, na maadamu wanazuoni na hata majimbo ya nchi moja wanavutana, bado pana shaka. Katika mfano wa Issa na Musa rai hii inawaumiza mayatima, nami nalijua hilo. Lakini hatuwezi kusogeza saa ya kifo kwa huruma. Leo tutaisogeza kwa ajili ya mayatima, na kesho mwingine ataisogeza kwa ajili ya tamaa. Mayatima wana dawa yao, nitaieleza mwisho.

Waliogandishwa

Sasa turudi kwa swali la kijana. Fikra ya kugandisha watu ilienezwa na mwalimu wa fizikia wa Marekani, Robert Ettinger, kwa kitabu chake cha miaka ya 1960. Hoja yake ilikuwa kwamba aliyekufa leo huenda ni mgonjwa wa kesho, basi tumhifadhi mpaka tiba ipatikane. Tarehe 12 Januari 1967 akagandishwa mtu wa kwanza, Profesa James Bedford wa California. Mwili wake umehifadhiwa katika kampuni ya Alcor, jimbo la Arizona. Ettinger mwenyewe alifariki mwaka 2011 na mwili wake ukawekwa katika taasisi aliyoiasisi mwaka 1976 huko Michigan.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Daktari akishatangaza kifo, watu wa kampuni wanaosubiri pembeni huuzamisha mwili kwenye barafu, husukuma kifua ili damu izunguke, kisha huitoa damu na kuingiza dawa ya kuzuia chembe za barafu zisipasue seli. Mwisho mwili huwekwa ndani ya nitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Alcor hutoza dola 200,000 au zaidi kwa mwili mzima. Kwa kichwa peke yake ni dola 80,000, maana wapo wanaokatwa kichwa na kuhifadhiwa hicho tu. Wengi hulipia kwa bima ya maisha.

Tuwe waadilifu. Wenye fikra hii hutaja kuwa viinitete vya binadamu, ambavyo ni seli chache tu, hugandishwa na baadaye huzaliwa watoto wazima, na hilo limefanyika tangu miaka ya 1980. Ni kweli. Lakini kutoka seli chache mpaka ubongo wa mtu mzima ni mwendo mrefu mno, na mpaka leo hakuna binadamu hata mmoja aliyegandishwa baada ya kufa kisha akarudi.

Hapa ndipo penye mkanganyiko wa kisheria. Kampuni hizo huwaita waliohifadhiwa "wagonjwa". Lakini sheria hairuhusu kumgusa mtu mpaka atangazwe kuwa amekufa, na mwili wake hupokewa kwa njia ile ile ya wanaotoa miili kwa ajili ya elimu ya tiba. Kwa hiyo mbele ya hakimu ni maiti, na mbele ya mteja ni mgonjwa. Mwaka 1990 mtaalamu wa hisabati Thomas Donaldson, aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo, aliiomba mahakama ya California imruhusu agandishwe angali hai, kabla uvimbe haujamharibu. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikamkatalia. Kumgandisha aliye hai ni kumuua, na anayemsaidia mtu kujiua ana kosa. Uamuzi ule unatosha kuwa jibu: kama huyu ni mgonjwa, basi mmemuua, na kama ni maiti, basi mzikeni.

Miili iliyosubiri

Mwaka 2016 binti wa miaka 14 nchini Uingereza, anayekufa kwa saratani, aliandika kuwa anataka kugandishwa. Mama alimuunga mkono. Baba, waliyekuwa wametengana kwa miaka, hakutaka. Jaji Peter Jackson wa Mahakama Kuu alisema wazi kuwa haamui kama kugandisha ni sahihi. Anaamua nani kati ya wazazi atasimamia mwili. Akampa mama. Binti alifariki Oktoba, na mwili ukasafirishwa Marekani. Baadaye jaji aliandika kuwa hospitali ilisikitishwa na jinsi mama, siku ya mwisho ya mwanawe, alivyoshughulishwa na maandalizi ya kugandisha. Sisi tumefundishwa kuwa saa ile ni ya kukaa kichwani kwa mgonjwa na kumtamkia shahada taratibu. Simcheki mama yule. Uchungu wa mwana ni uchungu wa mwana. Lakini aliahidiwa miaka mia mbili, na wakati anaishughulikia ahadi hiyo saa zenyewe zikampita.

Na wanaosubiri huko mwisho wao ni upi? Katika makaburi ya Chatsworth, California, miili tisa iliyokuwa imehifadhiwa iliachwa ikayeyuka na kuoza fedha zilipokwisha, na jambo hilo likafichuka mwaka 1979. Nchini Ufaransa, Dk. Raymond Martinot alimweka mkewe kwenye friji chini ya nyumba yake tangu mwaka 1984. Alipofariki mwaka 2002, mtoto wao akamweka naye pale. Serikali ikashitaki, kwani sheria ya Ufaransa inajua kuzika, kuchoma au kutoa mwili kwa elimu tu. Kabla ubishi haujaisha vizuri, mwaka 2006 friji ikaharibika, miili ikaanza kuyeyuka, na mtoto akalazimika kuichoma moto. Miaka 22 ya kusubiri ikamalizwa na hitilafu ya umeme.

Jibu kwa kijana

Basi hukumu yake ni ipi? Aliyegandishwa moyo wake umesimama, pumzi imekatika, damu imetolewa. Mabaraza yote mawili niliyoyataja yanamhesabu kuwa ni maiti. Mkewe anakaa eda tangu siku ile, na ikiisha ana haki ya kuolewa. Mali yake inagawiwa. Hawezi kujiwekea akiba ya kutumia akirudi, kwa kuwa maiti hamiliki. Na wasia wa kufanyiwa jambo lisilofaa hautekelezwi. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kuliharakisha jeneza, na ametufundisha kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuvunja wa aliye hai. Basi kukata kichwa itakuwaje?

Kijana aliniuliza pia kuhusu kisa cha Suratul Baqara, cha yule aliyefishwa miaka mia kisha akafufuliwa, na kisa cha watu wa pangoni. Nikamwambia, watu wa pangoni walilazwa usingizi, hawakufishwa. Na yule wa miaka mia alifufuliwa na Allah (S.W.) ili iwe ishara ya Kiyama. Muujiza hauwi msingi wa kuzuia mirathi ya watu. Khalifa Umar (R.A.), kwa mke wa mtu aliyepotea asijulikane alipo, alihukumu asubiri miaka minne kisha akae eda. Ikiwa mke wa mtu ambaye huenda yuko hai hakufungwa maisha yake yote, vipi afungwe mke wa maiti?

Na sisi je?

Tusije tukadhani kuwa haya ni ya Wamarekani peke yao. Hatuna mapipa ya nitrojeni, lakini tuna mochwari. Wengi wanamkumbuka wakili S. M. Otieno wa Kenya, asiye Muislamu, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake na ukoo wake walivutana mahakamani kuhusu pa kumzika, na hakuzikwa mpaka tarehe 23 Mei 1987. Ni siku 154 maiti yuko kwenye jokofu, akiwasubiri walio hai waelewane.

Nasi Waislamu tumeanza tabia inayofanana na hiyo. Maiti analazwa mochwari siku nne kwa kuwa mtoto anatoka Muscat, mwingine London, na ndege ya bei nafuu ni ya Jumatano. Dharura ina hukumu yake: kumtambua maiti, uchunguzi wa polisi au kusafirishwa kwa lazima. Lakini kusubiri ili fulani auone uso wa marehemu si dharura. Maiti anazikwa, na fulani akifika atamwombea dua kaburini.

Nina mambo manne ya kumuusia msomaji. La kwanza, ukiambiwa ubongo umekufa, uliza: wamempima madaktari wangapi, mara ngapi, na je, hakuna dawa za usingizi au baridi mwilini inayoweza kudanganya kipimo? Hayo ni maswali ya halali, na daktari mzuri hakasiriki akiulizwa. La pili, andika saa mbili: saa waliyosema ubongo umekufa, na saa moyo uliposimama. Kadhi atazihitaji. La tatu, familia isiamue kwa kupiga kura ya simu. Itafute mwenye elimu ya dini na daktari, wakae pamoja. La nne, na hii ndiyo dawa ya mayatima niliyoiahidi, andika wasia wako ukiwa mzima. Wajukuu ambao si warithi wako unaweza kuwausia ndani ya thuluthi. Babu aliyeandika wasia amewatoa wajukuu zake katika vita ya Jumatatu na Jumatano.

Yule bwana wa makamo nilimrudia siku ya pili kama nilivyoahidi. Tulikwenda pamoja hospitali, tukakaa na ami zake, dada zake na madaktari. Majibu ya vipimo yalisomwa, na madaktari watatu wakasema neno moja. Ami mkubwa aliuliza mara mbili kama kweli si kuua. Nikamweleza walivyosema wanazuoni wa Amman na wa Makka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tumwachie Mola wake." Mashine ikazimwa asubuhi ya siku iliyofuata, watoto wakiwa wanasoma Yasin. Moyo ulisimama baada ya dakika chache, na mwanawe akaiandika saa. Tulimzika baada ya laasiri.

Jioni mama yao alitupelekea ujumbe ukumbini. Alitaka kujua hesabu ya eda yake ianzie lini. Tukamjibu: leo, mama, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Alishukuru, akasema siku kumi zile zilikuwa nzito kuliko hii, kwa kuwa hakujua amlilie mumewe au amwombee shifaa.

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na maiti wetu wote, na atupe mwisho mwema. Wabillahi tawfiq.